Msamaha wa Waya

Bibi Ndeonansia Lyatuu alijua kwamba kuna kitu kimeharibika kichwani mwake siku alipojikuta anafurahia mahubiri.

Haikuwa kawaida yake. Miaka yote alikaa benchi la mbele kanisani, si kwa uchaji, bali kwa sababu mchungaji aliyaogopa macho yake na woga ule uliifupisha ibada. Alikuwa hakimu mstaafu, mwanamke aliyezoea kuwanyamazisha mawakili kwa kuvua miwani tu. Mtu wa namna hiyo angeburudishwaje na kijana anayefananisha neema ya Mungu na betri ya gari, eti huisha lakini huchajiwa? Jumapili ile, hata hivyo, alitikisa kichwa kwa kuafiki, akatabasamu, na ibada ilipokwisha akamshika mchungaji mkono. "Umenibariki, baba," akamwambia. Mchungaji nusura azirai.

Njiani kurudi nyumbani alijaribu kusonya. Aliubana ulimi kwenye meno, akavuta hewa kama alivyofanya maisha yake yote, na hakikutoka kitu. Alimkumbuka mchungaji na betri yake, akajaribu tena. Moyoni mlikuwa mweupe, mna upole uliotandazwa kila pembe kama mapambo ya harusi ya mtu asiyemjua. Hapo ndipo alipoogopa, na hata ile hofu haikukaa. Ilikuja, ikapapaswa mgongo na kitu fulani, ikaondoka.

Kesho yake alfajiri alipanda gari la kwenda Moshi, kliniki, peke yake.

*

Ili jambo hili lieleweke, sharti kwanza ajulikane Godlisten.

Godlisten alikuwa kitinda mimba wake na, kwa mila za mlimani, mrithi wa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa na makaburi ya wenyewe. Theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikwisha kabla hajaoa. Wengine walilia, wengine wakatunga nyimbo. Godlisten aliona biashara. Alijenga hoteli katikati ya migomba ya baba yake, na nyuma ya hoteli akasimika mtambo wa kutengeneza theluji, ili watu wa Dar es Salaam wapande mpaka Machame kupiga picha wamevaa makoti ya kukodi, wakirushiana mabonge ya barafu na kupiga mayowe kama watoto wa chekechea. Mtambo ulitaka uwanja tambarare. Mahali pekee palipokuwa tambarare kihambani ndipo alipolala Mzee Ndetaramo, mume wa Ndeonansia, chini ya msalaba wa zege. Mama alipolazwa Moshi kwa nimonia, mtoto akahamisha kaburi. Mama aliporudi, pale alipomzika mumewe palikuwa panatemwa unga mweupe usiku na mchana.

Hakupiga kelele. Kelele ni za watu wanaotaka kubembelezwa. Alimtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka utosi, akamwambia, "Usinieleze chochote," na tangu siku ile hakumruhusu kulifungulia jambo lile mdomo.

Kule mlimani mkosaji haombi msamaha kwa ufundi wa maneno. Humtuma mtu mzima wa ukoo apeleke isale, jani refu la kijani la mmea uoteshwao mipakani na makaburini. Aliyekosewa akilipokea, yamekwisha, na wala hakuna kuyafukua. Kulikataa ni kuutukana ukoo mzima. Ndeonansia alilikataa. Likaletwa tena, akalikataa tena, akiuliza kama ukoo umekosa kazi ya kufanya. Ukoo ulinuna, lakini ulimwogopa, na kwa kuwa haukuweza kumwadhibu yeye ukamwadhibu Godlisten. Kila Krismasi, watu wa mlimani waliporudi kutoka mijini kuja kuchinja nyumbani, mbuzi wa Godlisten alichunwa, akachomwa, akapoa. Hakuna aliyegusa nyama yake.

Wakati huo mikono ya mama ilikuwa imeanza vituko. Ikilala mapajani ilitulia kama mikono ya mtawa. Akiitaka kazi tu, kushika kalamu, kupeleka kijiko kinywani, ilirukaruka mpaka chakula kikamwagikia kifuani. Mwanamke aliyeandika hukumu kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimesimama kama askari, sasa alilishwa na mfanyakazi wa ndani aliyempangusa midomo huku akiangalia tamthilia ukutani. Ndeonansia hakuchukia kitu duniani kama kupanguswa midomo.

Kwa hiyo alipoambiwa kuna tiba, alikubali. Walimtoboa fuvu akiwa macho, wakateremsha nyaya mbili nyembamba kuliko uzi wa kushonea mpaka ndani ya ubongo, wakazipitisha chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye betri waliyoipandikiza chini ya mtulinga. Betri ilituma mapigo ya umeme, zaidi ya mia kwa kila sekunde, kuizima ile ngoma ya mle ndani iliyokuwa ikiichezesha mikono. Walimpa kalamu pale pale kitandani wamwone akichora konokono, yaani mstari unaojizungusha kwenda ndani. Konokono wa kwanza alikuwa na pembe. Wa mwisho alikuwa mviringo, safi, na Ndeonansia aliyekuwa amewadharau madaktari tangu mlangoni alilia mbele yao bila haya.

Sheria ya siku hizo ilisema kila mzee mwenye mtambo mwilini lazima awe na mlezi, ndugu mwenye umri mdogo, atakayeshauriwa na kliniki kwa simu kuhusu marekebisho. Ni sheria iliyotungwa na wabunge ambao hawakuwa na mvi hata moja. Watoto wengine wote wa Ndeonansia walikuwa ng'ambo. Mlezi akawa Godlisten.

Baada ya jaribio lile la konokono kliniki iliushusha umeme, ikauongeza tena polepole, wiki baada ya wiki, na mikono ikawa inatulia nusunusu. Siku chache kabla ya Krismasi ikatulia kabisa. Na siku ya Krismasi, mbele ya ukoo wote, shemeji yake Anaeli, mdogo wa marehemu, mzee mwenye tumbo la kuheshimika na sauti ya kutangazia mnada, alikuja tena na jani. Ndeonansia alilipokea. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. "Nimesamehe," alisema, na kwa kweli alihisi amesamehe, kitu cha moto kilimshuka kifuani kama uji. Wanawake wakapiga vigelegele. Watu wakaila nyama ya Godlisten mpaka wakatafuna mifupa. Ndeonansia mwenyewe, Mungu amsamehe, aliusifu mtambo wa theluji.

*

Mtaalamu wa mtambo pale kliniki aliitwa Nakijwa, binti wa Kipare mwenye miwani mikubwa na adabu nyingi. Aliinuka akaamkia.

"Shikamoo, bibi. Umekuja bila mlezi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja na miguu yangu." Ndeonansia alitaka kuongeza kitu cha kuchoma, akakikosa. Alijisikia kumpenda yule binti, na jambo hilo lilimtia mashaka zaidi. "Nieleze. Mimi sisonyi tena. Nasikiliza mahubiri mpaka mwisho. Jana nimemwambia mpangaji wangu asiyelipa kwamba Mungu atafungua njia. Mmenifanya nini?"

Nakijwa hakucheka. Alisogeza kiti, akaweka kitu kama kipande cha sabuni juu ya mtulinga wa bibi, na picha ya ubongo ikaning'inia hewani kati yao, nyaya zimo ndani kama mizizi miwili.

"Huu wa kulia," alisema, akionyesha kwa kalamu, "umekaa ndani zaidi kidogo ya tulipokusudia. Unywele tu. Hapa pana sehemu ya kutuliza mkono. Hapa, jirani yake, pana sehemu nyingine, inayohusika na... tuseme na ukali. Kinyongo. Kutokubali. Umeme mdogo hauwafikii hao majirani, lakini na mkono hautulii. Ukiongezwa mpaka mkono ukatulia, unamwagikia kwa jirani."

"Kwa hiyo nikitulia mkono, na mimi natulia."

"Ndiyo, bibi."

"Toeni, muuweke sawasawa."

"Kwa umri wako hatuthubutu kufungua mara ya pili."

Ndeonansia aliitazama ile picha ya kichwa chake. Ilikuwa picha nzuri, na kwa upole wake mpya alikaribia kuisifu. "Mlijua lini?"

"Kabla ya kuongeza ile ya mwisho. Nilimpigia mlezi nikamwambia wazi, mikono itapona lakini mama atakuwa mpole kupita alivyo. Nikamshauri akuulize." Nakijwa alizungusha kalamu vidoleni. "Akasema, mpandishieni, na iwe kabla ya Krismasi. Baadaye akanitumia ujumbe kwamba umekubali."

"Zima."

"Bibi, mkono utarudi vile vile..."

"Nimesema zima, mwanangu." Hata kwa ukali wake wote aliosalia nao, lilitoka kama ombi.

Nakijwa akazima. Kwa muda mfupi hapakuwa na kitu. Kisha ukali ukarudi, wote, pamoja na mizigo yake: mtambo wa theluji, msalaba wa zege uliolazwa nyuma ya banda la kuku, vigelegele, sauti ya mnada ya Anaeli, na jani. Sasa alilikumbuka vizuri lile jani. Lilikuwa pana mno, lina mng'ao wa kufutwa kwa kitambaa. Wapumbavu wale walikuwa wamelikata kwenye chungu cha mapambo pale mapokezi hotelini! Ndeonansia alisonya, msonyo mrefu wenye mkia, mpaka mgonjwa aliyekuwa koridoni akachungulia. Alihisi raha ambayo upole haukuwahi kumpa. Aliinua mkono arekebishe kitambaa cha kichwani, na mkono ukamchapa shavuni.

"Wapare mna sifa ya kupenda kesi," alimwambia Nakijwa, akiukamata mkono wa kulia kwa wa kushoto, na wa kushoto nao ukaanza. "Miaka yote mahakamani ninyi ndio mlionipa kazi. Mtu yuko tayari kuuza ng'ombe ili amshtaki aliyemwibia kuku. Niliwacheka. Nisameheni, nimewaelewa leo. Mfute yule mlezi, sheria nitaijibu mimi, na unipe kidhibiti mwenyewe."

Nakijwa alimfuta Godlisten, akaondoka chumbani kidogo, akarudi na kidhibiti. Kilikuwa kidogo, kina kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima. Alikiweka kwenye mfuko wa sweta ya bibi kwa sababu bibi hakuweza kukiweka mwenyewe.

*

Jumamosi mchana ukoo uliitwa kihambani. Walikaa nyuma ya hoteli kwenye viti vya plastiki, wazee mbele, mbege, pombe ya ndizi, ikipitishwa, na mtambo wa theluji ukinguruma upande wa pili wa ua. Familia moja ya watalii ilikuwa imejilaza chali pale kaburi lilipokuwa, wakipunga mikono kutengeneza malaika. Ndeonansia aliketi ameilaza mikono mapajani, kidhibiti juu yake. Alisema shauri lake kwa ufupi, kama alivyozoea kusoma hukumu, akamalizia kwamba jani alilolipokea Krismasi hakulipokea yeye.

"Kalipokea nani, sasa?" Anaeli aliuliza. "Sote tulikuona, shemeji."

"Mliona mkono. Aliyeuendesha ni huyu." Alimwonyesha Godlisten kwa kidevu. Godlisten alikuwa amevaa lile koti la manyoya bandia lenye jina la hoteli mgongoni, jua likiwaka.

Ukoo ulinong'ona. Isale ikishapokelewa hairudishwi. Hilo kila mtu alilijua, na anayeirudisha hujiletea balaa yeye na kizazi chake. Lakini hakuna aliyewahi kusikia isale iliyopokelewa kwa betri. Anaeli aliweka kata ya mbege chini, akafuta povu mdomoni, na akasema jambo la maana, kitu ambacho Ndeonansia hakukitegemea kutoka kwa tumbo lile.

"Shemeji, aisee, nikuulize. Nani amewahi kupokea isale akiwa mkavu? Marehemu kaka yangu alinisamehe mimi kwa sababu ya pombe. Baba yetu alimsamehe jirani kwa sababu alikuwa mgonjwa, anaogopa kufa. Mwingine husamehe akishikishwa mjukuu. Kila mtu hulainishwa na kitu. Wewe umelainishwa na umeme. Pana tofauti gani?"

Wazee waliguna kwa kuridhika. Ndeonansia naye aliliona kuwa swali zuri, na alimchukia Anaeli kwa kuliuliza.

"Pombe ningeiona kwenye kata," alijibu. "Ningejua ninakunywa nini na nani kanimiminia. Mimi nimenyweshwa nimelala. Msamaha wangu umeibwa, Anaeli, halafu mwizi akaualika ukoo uje ule nyama."

"Basi washa hicho kidude," mzee mmoja wa nyuma alisema, kwa nia njema kabisa. "Si kinakupa amani? Ukiwasha, mikono imepona, moyo umetulia, na shauri limekwisha. Sote tunywe twende zetu."

Watu walicheka kidogo, wakitazama kile kidhibiti. Ndeonansia naye alikitazama. Aliitaka mikono yake. Aliitaka kuliko alivyoutaka uhai: kushika kalamu, kula bila kupanguswa, kujimiminia chai mbele ya wageni. Na alijua kwamba akibonyeza tu, ndani ya dakika moja angewapenda wote hawa, mpaka yule mpumbavu wa nyuma, na asingekumbuka kwa nini alikuwa amewaita. Hakuna aliyemshurutisha. Kidole chake ndicho kilichokuwa kikikisogelea, kikiruka.

"Mama, nilifanya," Godlisten alisema.

Wote waligeuka. Alikuwa amesimama.

"Nilipigiwa simu nikaambiwa utakuwa mpole. Nikafurahi. Nilikuomba ukiwa mzima ukakataa. Nikaomba tena ukakataa. Watoto wangu wanaulizwa shuleni kwa nini nyama ya baba yao hailiwi. Nikasema, potelea mbali, hata akinisamehe kwa waya, nitakuwa nimesamehewa. Nilikuja asubuhi ile ya Krismasi kukusalimia, ukanishika shavu. Hujawahi kunishika shavu tangu nikiwa mdogo. Niliingia chooni nikatapika."

Halafu akafanya kosa ambalo hata mtoto wa mlimani hafanyi. Alikwenda ukingoni mwa ua, akachuma jani la isale kwenye mpaka, akaja nalo mwenyewe, mkononi mwake, bila mjumbe. Wazee walipiga kelele. "Haiendi hivyo!" Anaeli alinguruma, akiinuka kwa shida. "Mpe mtu mzima! Unatuletea laana!" Godlisten hakusikia, au alisikia akapuuza. Alipiga magoti kwenye majani yenye maji ya barafu iliyoyeyuka, mbele ya mama yake.

"Hukutaka nikueleze," alisema. "Nieleze?"

Ndeonansia alikuwa amehukumu maelfu ya watu, na hakuna hata mmoja aliyemhukumu bila kumsikiliza, isipokuwa huyu. Hakupenda kulikumbuka. Alitikisa kichwa: ndiyo.

"Vibarua waliogopa kumgusa. Mimi pia niliogopa. Niliwafukuza wote, nikashuka mle ndani mwenyewe. Nilimtoa baba kwa mikono yangu, nikamfunga kwenye shuka lako la bluu, nikampandisha mgongoni mpaka juu kule penye mfereji, alikokuwa anapenda kukaa. Niliteleza njiani, nikaanguka naye, nikamwomba radhi. Nimemwoteshea isale pande zote. Huwa napalilia Jumapili, ninyi mkiwa kanisani. Mtambo ule ningeweza kuuweka kwingine. Ningechimba kilima. Niliona uvivu, mama. Hakuna sababu nyingine. Nilimhamisha baba yangu kwa uvivu."

Upande wa pili wa ua wale watalii waliinuka, wakajipangusa, wakaenda kunywa chai. Ndeonansia alimtazama mwanawe: koti la manyoya, upara unaoanza, magoti yaliyolowa. Alimdharau. Alitafuta ndani yake kitu kingine zaidi ya dharau, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumwekea humo. Alinyoosha mkono. Ulirukaruka, ukalipita jani, ukarudi, ukalipiga, na lilipoingia vidoleni likapepea kiasi cha kusikika. Ukoo ulishusha pumzi. Mwanamke mmoja alifungua kinywa apige kigelegele.

"Nyamaza," Ndeonansia alimwambia. Akalilaza jani juu ya mapaja ya Godlisten, taratibu kadiri alivyoweza. "Hili nakurudishia. Balaa ikija, ije kwangu. Utaniletea tena kesho, mwenyewe, usimtume huyu mwenye tumbo. Na kesho kutwa. Nitakuwa nimezima, natetemeka hivi hivi, mpaka siku nitakayolishika na kubaki nalo kwa akili yangu. Ikiwa ni mwaka, ni mwaka. Nikifa kabla, ndiyo bahati yako."

"Na mikono yako, mama?"

"Mikono ni yangu."

Alimpa kidhibiti, kisikae tena karibu na kidole chake mwenyewe. Godlisten alikipokea kama mtu aliyepewa kaa la moto, akakitazama, akakitia mfukoni, akaubana mfuko kwa kiganja. Wazee walianza kuinuka mmoja mmoja, wakinung'unika kwamba mbege imekwisha na shauri halikwisha. Ukungu ulikuwa unateremka kutoka msituni na baridi imeanza. Ndeonansia alizishika ncha za sweta yake azifunge, vidole vikagongana, kifungo kikamtoroka, akajaribu tena kikamtoroka.

Godlisten, angali amepiga magoti, alisogea akaanza kumfunga vifungo, kuanzia cha chini. Hakumwomba ruhusa. Alitazama vifungo tu, na mama alitazama juu ya upara wake, kule kwenye mtambo.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua, mama. Inua kidevu."

Akainua.